Mwanafunzi Wangu Alitekwa, Sasa Ananitumia Kazi za Nyumbani

Ndugu msimamizi, nifichie jina na picha. Na wewe unayenijua, ukinitambua humu, naomba unyamaze tu.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na nne, naishi pwani ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, upande wa Palma. Vurugu zilipoanza nilivuka mpaka pale Namoto nikaenda kukaa kwa shangazi yangu Mtwara, nikasoma sekondari huko, masomo yote kwa Kiingereza. Niliporudi nikajikuta ndiye mwenye Kiingereza mtaani. Huku shule ni Kireno, na Kiingereza kinawatoa watoto jasho. Basi nikafungua explicação, masomo ya ziada, barazani kwangu baada ya alasiri. Nawasaidia TPC, yaani kazi za nyumbani: kuchambua hadithi, msamiati, insha. Mimi ni mkali, sifichi. Ukiniletea insha ya ovyo utaiandika upya mpaka mkono ulegee.

Nilikuwa na mwanafunzi, nimwite Zaina, miaka kumi na saba, darasa la kumi na moja. Mbishi kupita kiasi, nami nilimpenda kwa ubishi huo. Kila neno jipya lazima alitungie sentensi ya mama yake. Tukijifunza neno la "mkaidi", basi mama yake ni mkaidi. Mama mwenyewe anauza vitumbua sokoni, akisikia anacheka.

Mwaka jana wakati wa likizo Zaina alikwenda kumsalimia bibi yake. Wakati wa kurudi, gari lilisimamishwa na watu wa porini, hawa waasi, mbele kidogo ya Awasse. Wazee waliachiwa. Wasichana hawakuachiwa. Miezi ikapita, ndugu wakataka wamsomee hitima, mama yake akawafukuza. "Mwanangu hajafa. Msinisomee hitima ya mtu aliye hai."

Baada ya Ramadhani nikapata ujumbe kutoka namba nisiyoijua. "Boa tarde, professora. Ni Zaina. Nisaidie TPC."

 Nikataka kuhakikisha ni yeye, nikamwandikia, "Tunga sentensi kwa neno la 'mvumilivu'." Jibu likaja kwa Kiingereza: mama yangu ni mvumilivu, isipokuwa kitumbua kikiungua. Nililia kama mtoto, nikakimbia sokoni kumwita mama yake.

Mwanzoni zilikuwa kazi za fasihi. Msimulizi ni nani, kwa nini mwandishi anatuficha aliyeua, fupisha hadithi hii kwa maneno yako. Nilipomuuliza uko wapi, alijibu, "Professora, tumalize TPC kwanza." Kila nikigusa habari zake, jibu ni hilo. Nikamuuliza ni nani anayempa kazi hizo.

"Huku tuna mwalimu wetu," akaandika. "Ana haraka ya kujua Kiingereza. Nikikosa majibu anakasirika."

Tangu siku hiyo sikuchelewa kujibu hata mara moja. Naacha sufuria jikoni, naacha watoto barazani, najibu. Nilikuwa naogopa, lakini nilijiambia kwamba maadamu anauliza, yuko hai.

Kisha maneno yakabadilika. Akataka kujua "zamu" kwa Kiingereza tunasemaje. "Lindo". "Kizuizi cha barabarani". "Wamebaki wachache". Vitabu vya darasa la kumi na moja nimevisoma vyote, hakuna hadithi yenye maneno hayo. Nikamwonyesha mjomba wake Zaina, kaka wa mama yake. Alisoma, akanirudishia simu.

"Hawa tropa, hawa askari wa kigeni, si wanaongea Kiingereza kwenye redio zao? Wewe unawafundisha wale kusikiliza. Toa kadi, vunja. Siku tropa wakiishika celular yako utawaambia ni TPC?"

Mama Zaina, aliyekuwa amekaa nasi, akamrukia. "Ukivunja hiyo kadi umemzika mwanangu kwa mkono wako!" Mjomba akaondoka bila kuaga, na tangu hapo hapiti kwangu.

Juzi Jumatatu ukaja ujumbe wa sauti. Ni Zaina kabisa, anasoma polepole kama anayesoma imla. Anataka insha. Nieleze njia kutoka sokoni mpaka shuleni, nianze na wanaokaa pale njiani siku hizi, wangapi, na saa ngapi wanapumzika. Wanaokaa pale njiani ni tropa. Alipomaliza, mwanamume nyuma yake akasema, "Mwambie kabla ya Ijumaa." Kiswahili chake ni chetu hiki hiki cha pwani. Huyo ni mtu wa hapa. 

Mama Zaina hakumsikia huyo mwanamume. Alisikia sauti ya mwanawe, akaibusu simu. Nikamweleza tunachoombwa ni nini. Akanitazama, akasema, "Mwandikie, mwalimu wangu. Njia hiyo nani asiyeijua?"

Jamani, njia hiyo wanapita wanafunzi wangu wote, asubuhi na mchana. Nimefikiria kuandika uongo, lakini yule ni mwenyeji, atautambua, na atakayeulipia ni Zaina. Nimefikiria kwenda kwa tropa, lakini nina miezi najibu namba hiyo. Nani ataniamini? Na wakiichukua simu, Zaina atamwandikia nani?

Leo ni Jumatano. Mama yake yuko hapa barazani, ameikumbatia simu yangu, hataki hata niichaji mbali naye; hapa naandika kwa simu ya kuazima. Watoto wameanza kufika na madaftari yao, wanamwamkia. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Ila wewe utakayeniambia nisiandike, njoo umwambie mama Zaina mwenyewe.