Sombe Aliyoitwanga Nyanya

Nilipokuwa mtoto, uani kwetu Alunguli, mtaa wa hapa Kindu, hapakutwangwa kitu. Mama alikuwa mgonjwa wa moyo, na nyanya, mama yake mzazi, aliamini kwamba moyo mgonjwa una masikio: ukisikia mchi ndani ya kinu, unaacha mwendo wake na kuufuata, mpaka unapotea. Majirani walibeba vinu vyao wakaenda kutwangia mbali. Nani angembishia? Nyanya alikuwa mkali kuliko askari waliokuwa wameukamata mji wakati huo wa vita.

Vita vilikuwa vimekata kila kitu. Gari la moshi halikuja tena, na hospitalini walibaki wauguzi wasio na dawa. Miguu ya mama ilivimba, alilala ameketi, na nilipoweka sikio kifuani pake nilisikia moyo ukikimbia, ukikwama, ukikimbia tena. Niliogopa hata kukohoa karibu naye.

Kwenda mashambani, au hata kutwangia mbali, kulikuwa ni kujitafutia kifo kwa sababu ya askari. Tulibaki na sombe, majani ya mihogo ya uani, na majani hayo bila kutwangwa hayaliki. Siku mdogo wangu aliposhindwa kusimama kwa njaa, nyanya alitandika gunia chini ya kinu, akatwanga polepole, macho yake kwa mama pale mlangoni. Tulikula, tukashiba. Jioni mama alishika kifua, akalala ubavu, akatuacha.

"Miye njo nilimuua mutoto wangu," nyanya aliniambia. Tangu siku hiyo hakuonja sombe tena. Aliishi miaka mingi baadaye, miaka yote akijihukumu, na mimi pia niliamini. Onyo lake lilikuwa limetimia mbele ya macho yetu.

Sasa ni zamu ya moyo wangu. Juzi daktari hapa Kindu alinifunga waya za kupima moyo kifuani, akanieleza kwamba moyo umechoka kusukuma damu na mapigo yake yamevurugika. Akanipa vidonge vya kutuliza mapigo, vya kutoa maji mwilini na vya kuzuia damu isigande. Nilimsimulia habari za mama, nikamwuliza kama kinu kinaweza kuua mtu.

"Hapana, mama," alisema. "Kinu haiwezi kuua moyo. Mama yako alikosa dawa, hizi hizi."

Nililia nikashindwa kujizuia. Daktari alidhani naogopa, akanifariji kwamba nikimeza vidonge vizuri nitaishi. Kumbe nilikuwa namlilia nyanya, aliyezikwa akiamini kwamba chakula alichotupikia ndicho kilichomuua mwanawe.