Jebet Aulizwa Alichofanya Yeye

Jebet alihitimu hisabati za bima katika chuo kikuu kimoja cha Nairobi mwaka 2010, na mwaka uliofuata akawa mlinzi wa mlango wa wanawake, akikagua wageni wa kike na mikoba yao, katika hoteli moja mjini Doha, Qatar. Hakuona aibu. Kazi ya bima haikuwa imepatikana, na wadogo zake walikuwa shuleni. Hata hivyo hakuacha kuitafuta. Kila alipotoka zamu alirudi Al Rayyan, kwenye nyumba ya wafanyakazi, akaketi kitandani na kompyuta yake ya mitumba, akaomba nafasi katika makampuni ya fedha ya Ulaya. Mengi yalimkataa kwa swali moja: je, una kibali cha kufanya kazi huku? Alipojibu hapana, maombi yaliishia hapo.

Mwanzoni mwa 2013 benki moja ya Frankfurt ilimpigia simu. Ilimtaka aeleze tatizo alilowahi kulitatua. Jebet akaeleza jinsi wanawake waliokuja kwenye mkutano mkubwa hotelini walivyokwama mlangoni wakisubiri kukaguliwa. "Tulipanga upya meza, tukapunguza foleni," alisema. Aliulizwa tena na tena yeye mwenyewe alifanya nini, na kila mara alijibu kwa niaba ya wenzake. Ndivyo alivyolelewa: kwao Kapsabet, mtu anayejitaja mbele ya wakubwa huonekana hana adabu, hata kama asemayo ni kweli. Benki ikamwandikia kwamba haikuweza kuutambua mchango wake.

Ikabaki kampuni moja ya bima ya Dublin. Hiyo ilikuwa tayari kumwombea mgeni kibali, lakini haikupokea mtu aliyehitimu zaidi ya miaka mitatu nyuma. Kwa Jebet huo ulikuwa msimu wa mwisho wa kuomba.

Ijumaa, siku ya mapumziko ya Doha, baada ya ibada ya kanisani huko Mesaimeer, alifanya mazoezi ya usaili na Milka, mlinzi mwenzake, na Douglas, dereva wa familia moja ya mjini.

"Haya, dada," alianza Douglas, akibana pua kama mzungu, "tuambie umefanya nini maishani."

"Tulikuwa..."

"Hapo hapo! Mlikuwa wewe na nani? Na malaika?"

Milka alicheka hadi akaegemea ukuta. "Huyu hata akiulizwa nani alizaliwa Kapsabet, atasema ni sisi."

"Sasa nijinadi kama mgombea ubunge?"

"Jinadi, mama!" alisema Milka. "Sema ile foleni uliipanga peke yako. Nani atakukana? Mimi? Mimi nitanyamaza."

 Jebet alijua kwamba sehemu nzuri ya mpango ule ilitoka kwa Milka.

Siku ya usaili wa kampuni ya Dublin Milka alimwombea chumba kwa binamu yake aliyeishi mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, ambako mtandao haukukatika ovyo. Kwenye skrini walitokea mwanamume mwenye miwani na mwanamke aliyekuwa akiandika. Swali likaja lile lile.

"Nilihesabu wanawake waliofika kila robo saa," alisema Jebet, "nikaona mlinzi mmoja hawezi kuwamaliza kabla ya hotuba ya kwanza. Hesabu hiyo niliipiga mimi."

Mwanamke aliinua uso. "Na utatuzi wake?"

Neno "wangu" lilikuwa limeshafika mdomoni. Jebet alilimeza.

"Mimi nilipendekeza walinzi watatu. Msimamizi wetu, Silvesta, alikataa. Hakuwa na watu. Mwenzangu Milka ndiye aliyeshauri wasio na mikoba wapite upande wao. Nikalipigia hesabu wazo lake, nikaona linatosha, nikalipeleka kwa Silvesta mimi mwenyewe, kwa sababu Milka alimwogopa."

"Wewe hukumwogopa?"

"Nilimwogopa. Lakini foleni ilikuwa imefika barabarani."

Mwanamume alicheka. Kisha wakahamia kwenye hesabu za bima, wakakaa huko muda mrefu, na huko Jebet hakuhitaji ujasiri wowote.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili: mkataba wa miaka miwili, endapo kibali kingetoka. Kilitoka. Mkataba wa Doha ulikuwa unakaribia kwisha, na mwajiri akatia saini ruhusa ya kuondoka nchini, ambayo sheria ya Qatar ilimtaka kila mfanyakazi mgeni awe nayo, bila maneno mengi.

Alimweleza Milka habari yote kwenye chumba cha kubadilishia nguo, bila kuficha aliyoyasema.

"Ulinitaja? Kwa jina langu?"

"Kwa jina lako."

Milka alikaza tai yake. "Na ukawaambia namwogopa Silvesta?"

"Niliwaambia."

"Hapo ungenisitiri, dada. Nikiomba kazi huko, si watasema yule mwoga naye amefika?"

Kisha akamhimiza avae haraka, maana wageni walikuwa wameanza kuingia na mlango wa wanawake haukuwa na mtu.