Kwenda Kiwengwa Kuwasikiliza Warusi wa Angani

Mama ndiye aliyenitoa mjini. Asubuhi aliyoiona antena juu ya paa letu pale mtaa wa Malindi, Unguja, hakupiga kelele. Alinisubiri nishuke, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Nassor, walipokuja kumchukua baba yako walianza kwa kuulizia redio. Liondoe dude lako. Ukitaka kusikiliza, kasikilize mbali na nyumba hii."

Baba nilimjua kwa picha tu. Alipochukuliwa, baada ya Mapinduzi, nilikuwa mtoto wa kubebwa, na hatukupata khabari zake tena. Sikubishana.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa mwalimu wa sayansi wa miaka ishirini na minane. Dude lenyewe tulilitengeneza mimi na Mzee Haji, Mtumbatu aliyekaa na redio za melini miaka mingi kabla hajastaafu. Maradhi yetu yalikuwa mamoja: vyombo vya angani. Kwa wiki tatu tulikuwa tukifuatilia, katika matangazo ya Kiswahili kutoka Moscow, matayarisho ya roketi ya kuwapeleka watu watatu kwenye kituo chao kinachozunguka dunia. Tulisikia namna ilivyoungwa ikiwa imelala, ikavutwa na gari moshi mpaka uwanjani, ikasimamishwa. Mzee Haji akiandika kila hatua daftarini, na furaha yake ikizidi. Mimi ilinizidi hofu. Chombo cha Wamarekani kilichopasuka hewani na watu wake ndani sikuwa nimekisahau. Nilipoiona picha gazetini nilishindwa kula siku mbili.

Mzee Haji akapiga hesabu kwa penseli. Watarushwa saa moja asubuhi; saa kumi na moja na nusu jioni watapita juu ya Unguja, na kwa redio yake tutawasikia wenyewe wakisema. "Twende Kiwengwa kwa dada yangu," akaniambia. "Huko hakuna mashine za kutuvurugia sauti." Hakumtaja mama, lakini nilijua anajua.

Saa kumi na mbili asubuhi tulitoka Malindi kwa Vespa yake. Redio ilikuwa kapuni. Antena tuliikunja, tukaizungushia mkeka, nikaipakata. Mtu mmoja aliyekuwa akitoka msikitini aliuona mkeka ule mapajani kwangu, umekaa kama maiti ya mtoto, akasimama.

"Poleni na msiba," akasema.

"Tushapoa," akajibu Mzee Haji, akatia gea.

Mahonda tulikuta kizuizi. Askari aliugonga mkeka kwa kirungu, ukalia kama sufuria.

"Nini hii?"

"Mabomba ya alumini, mwanangu. Nampelekea dada yangu shamba."

Halikuwa neno la uongo, lakini jasho lilinishuka mgongoni kana kwamba tumebeba bunduki. Askari akanitazama mimi, si mkeka. Akatazama pua yangu, nywele zangu za Kiarabu. Halafu akanyanyua mti tukapita.

Tulipoipita Kinyasini, Mzee Haji akasimamisha Vespa kando ya barabara, akazima injini. Akanionesha saa yake.

"Sasa hivi," akasema. "Sasa hivi wanaruka."

Tukasimama pale. Mwanamke alipita na mtungi wa maji, kuku wakichakura majani. Huko mbali watu watatu walikuwa wamefungiwa juu ya moto, na sisi hatukuwa na njia ya kujua kama wamepaa au wameungua. Nilisoma dua kimoyomoyo. Mzee Haji naye alikuwa anasoma; niliona midomo yake.

Kiwengwa tulifika mapema. Bi Mize, dada yake, alitupokea kwa chai na muhogo wa kuchemsha. Alikuwa akilima mwani, na vidole vyake vilikuwa vimechanikachanika kwa kufunga kamba. Tulipoufungua mkeka alitazama mabomba yale, kisha akamtazama kaka yake.

"Haji, kitu hiki wekeni nyuma ya nyumba. Siku hizi mahoteli yanajengwa, kila siku wageni. Sheha wetu anaandika mpaka jina la paka."

Maji ya bahari yalipotoka akenda zake kwenye mwani wake, na sisi tukaiunga antena nyuma ya nyumba. Lakini minazi ya pale ilikuwa michache, na bomba lilichomoza juu ya paa la makuti, linang'aa.

Saa kumi na moja ilipokuwa karibu, sheha, mkubwa wa serikali pale kijijini, akatokea na vijana wawili wenye fimbo. Alikuwa mtu mfupi, kofia yake safi, daftari mkononi. Tukamwamkia. Hakuitikia.

"Mnazungumza na nani?"

"Hatuzungumzi," akasema Mzee Haji. "Redio hii haisemi, inasikia tu."

"Inamsikia nani?"

Nikaona bora kusema kweli. Nikamweleza roketi, watu watatu, kituo. Nilijisikia mwenyewe, nikaona ningekuwa mimi sheha nisingeamini.

Akaketi juu ya kinu. "Watapita saa ngapi?"

"Kumi na moja na nusu."

"Tutakaa hapa. Wasipopita, twende kituo cha polisi."

Sijapata kuona nusu saa ndefu kama ile. Redio ilikuwa ikikoroma kama mvua juu ya bati. Nilikuwa na hofu mbili, na ya pili ilinitia haya: niliogopa kuwa wale watu wamekufa, na niliogopa kuwa kufa kwao kutanifunga mimi. Bi Mize alirudi na kiroba chake cha mwani kinachovuja maji, akatukuta, akaketi nasi.

Mzee Haji alikuwa akiigeuza antena kidogo kidogo kuelekea kaskazini. Mvumo ukapungua. Ikaja sauti ya mwanamume, karibu kama yumo ndani ya nyumba, akisema Kirusi.

"Namba," Mzee Haji akanong'ona; hesabu za Kirusi alizijua tangu melini. "Anasoma namba. Wazima!"

Yule mtu akakohoa, akaomba radhi nadhani, akaendelea kusoma. Machozi yalinitoka. Dakika saba, kisha mvumo ukammeza.

Nilipogeuka, sheha alikuwa amesimama, uso umemtoka rangi. Nilitaraji aone kuwa tulisema kweli. Kumbe kweli yetu ndiyo iliyomtisha.

"Kwa hiyo yupo," akasema. "Mtu yupo, na lugha mnaijua."

"Sheha," akasema Bi Mize, "mtu akipita juu ya paa lako anasema, kosa la aliyesikia?"

"Bi Mize, usiniingize."

Akaandika majina yetu na shule yangu, akawaambia vijana waichukue redio. Antena aliikunja mwenyewe, akaikanyaga.

Asubuhi yake tulirudi mjini. Pale Mahonda askari hakutusimamisha. Nyumbani mama alinitazama usoni, na tangu siku ile alitia komeo hata mchana. Siku ya nne nikasikia kwenye redio ya jirani kuwa wale watatu wamefika kituoni salama. Kila injini iliyozima karibu na kichochoro chetu niliihesabu kuwa imekuja kunichukua mimi.

Siku ya kumi, saa ya kutoka shule, nikamkuta sheha langoni, kiroba begani.

"Shikamoo, Sheha."

"Marahaba, Maalim." Safari hii aliitikia. Akanipa kiroba. Redio ilikuwa ndani, imefunikwa mwani mkavu. "Sikuipeleka."

"Kwa nini?"

Akatazama huku na huku. "Nlidhani nyinyi mmetumwa na serikali. Msomi wa mjini anakuja kwangu na mitambo mchana kweupe! Nkasema hawa wananijaribu, waone kama ntaripoti. Nlipofika mlangoni mwa kituo cha polisi nkafikiri, wakiniuliza kwa nini nliketi nkasikiliza Kirusi mpaka mwisho, ntawajibu nini? Nkarudi."

"Na sisi tulikuogopa wewe, Sheha."

"Nnajua." Akaiweka sawa kofia yake. "Yule aliyekuwa akikohoa, hajambo?"

"Hajambo. Wamefika."

"Alhamdulillahi."

Nikamkaribisha nyumbani kwa chai, akakataa. Aliniomba nimwoneshe njia ya kutokea Darajani, kwenye magari ya shamba, isiyopita mbele ya kituo cha polisi. Wale watatu walikalia moto wakasoma namba kwa sauti ya kawaida. Sisi huku chini, watu wazima, tulikuwa tunaogopana kwa bomba la alumini. Hilo ndilo nililolipata katika safari ile, na sijui nimfundishe nani darasani.

Tukaingia vichochoroni. Yeye alitangulia, na mimi, kama alivyoniomba, nikamfuata nyuma hatua ishirini, nikimwelekeza kwa kukohoa, mara moja kulia, mara mbili kushoto, ili mtu asije akasema alituona pamoja.