Niliposema Tumeelewa

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa nywele zangu sasa ni nyeupe. Ilikuwa asubuhi ya mvua, hapa Bukavu, katika ukumbi wa parokia. Tulikuwa vijana kumi na wawili tukijifunza Kijerumani, nami nilikuwa shefu wa darasa, yaani kiranja. Desturi yetu unaijua: mwalimu akiuliza kama somo limeingia, shefu hujibu kwa niaba ya wote.

Papa Cirhuza, mwalimu wetu mzee aliyesomea Ujerumani, alikuwa amefika kwenye hali nne za nomino. Aliandika ubaoni sentensi ya mbwa anayemuuma mtu, kisha akaigeuza: mtu akaja mwanzo, mbwa mwisho. Akauliza nani ameumwa. Alisema mtu ameumwa vilevile, kwa sababu kwa Kijerumani kijineno kinachotangulia jina ndicho kinachoonyesha nani anatenda na nani anatendwa, hata jina likihamishwa. Sisi tulizoea kuimba jedwali tu, der, den, dem, des, kama tulivyoimba katekisimu.

"Batoto, munaelewa?"

Nsimire, binti kutoka kijiji cha Mudaka aliyeketi nyuma yangu, akanivuta shati. "Shefu, mi sielewi. Minaimba tu."

"Nyamaza. Utatupatisha haya." Nikasimama. "Ndiyo, Papa, tumeelewa bote."

Hata mimi nilikuwa sijaelewa. Nilimwahidi Nsimire kumweleza baadaye, lakini nilichomfundisha ni kuimba haraka zaidi.

Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Ujerumani, ukabaki mtihani wa lugha tu. Nilimsubiri kwenye benchi mlangoni, nikisikia kila kitu. Mtahini alimwonyesha picha ya mama anayempa mtoto kikombe, akamtaka aseme nani anampa nani nini. Nsimire akaimba jedwali lote bila kukosea. Akaulizwa tena. Akaimba tena. Nafasi akapewa mwingine.

Akarudi Mudaka kulima na mama yake. Msimu wa pili, watu wenye silaha walipita katika mashamba yale, na Nsimire hakutoka humo akiwa hai.

Matangani mama yake alinishika mikono yote miwili. "Nsimire alikuwa anasema weye njo ulikuwa unaelewa kushinda bote."

Yaani mimi ndiye niliyeelewa kuliko wote. Nilikwenda kwa Papa Cirhuza nikamwambia yote. Hakupaza sauti.

"Ile siku niliuliza darasa. Weye njo ulijibu. Kama ungesema hapana, ningeanza tena mpaka mangaribi. Nilikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Sisemi mimi ndiye niliyemuua, mwanangu. Ninasema siku wale wenye silaha walipopita mashambani, angekuwa mbali, Ujerumani.

Leo ninyi mnajifunza Kijerumani kwenye simu, mkitafuta kazi huko huko. Basi usiimbe usichokielewa. Ukifika kwenye hali hizo nne, jiulize katika kila sentensi nani anatenda, nani anatendwa, nani anapewa, kitu ni cha nani, mpaka ujibu bila jedwali. Usipoelewa, sema, hata wenzako wakikucheka. Na ukiwekwa kuwasemea wengine, geuka kwanza, uwaulize mmoja mmoja.

Mungu akufungue akili, akuondolee haya. Safari ambayo Nsimire hakuifanya, wewe uifanye, kisha urudi kwa mama yako ukiwa mzima.