Mimi Siri

Mimi nimezaliwa Biryogo, na mtu wa Biryogo humwambii kitu kuhusu Kiswahili. Kigali nyingine yote wakati ule ilikuwa inakiokoteza sokoni na kwenye gereji, kila kitu ni "iko": iko mtu, iko mvua, iko shida. Sisi tulikinyonya pamoja na maziwa, na maringo tulikuwa nayo, siwafichi. Kwa hiyo jandarme mpya, yaani askari wa barabarani, alipowekwa kwenye njia panda yetu, miaka ile ya vyama vingi na vizuizi vya barabarani, tulikaa mkao wa kucheka.

Alikuwa mwembamba, mrefu, ametoka milima ya kaskazini. Kiswahili alijifunza kwenye redio, tena kwa bidii ya mtu anayejenga nyumba. "Iko" haikumtoka kinywani hata kwa bahati mbaya. Alisema nipo, tupo, hawapo, kama msoma habari, sisi wenyewe tukawa tunaona haya. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni l. Ulimi wa Kinyarwanda hauoni tofauti ya l na r, na kwake yeye r ndiyo ilishinda kila mara. Asubuhi alitusalimia "habari za reo", na mama yangu mdogo, aliyekuwa akikaanga sambusa pale pembeni, alimjibu "nzuri sana, habari za kurara?" Alicheka naye, hakukasirika.

Na alikuwa na tabia moja iliyotusumbua. Wenzake ukiwapa kitambulisho, kidole kilikwenda moja kwa moja kwenye ule mstari wa kabila, kikakaa pale. Huyu aliangalia picha, akaangalia uso wako, akakurudishia. Tulisema bado mgeni, atazoea.

Sasa baba. Baba yangu aliendesha kamioneti ya mkate, alfajiri ya kila siku kutoka kwenye tanuri hadi Kanombe. Alfajiri moja taa ya mbele ya kushoto ilikuwa imekufa. Jandarme akamsimamisha, akachukua permi yake ya udereva, akaitia mfukoni na kumwambia maneno mawili tu: "Rete taa." Mwenye tanuri naye hakuwa na maneno mengi. Permi isipopatikana kabla ya wiki kuisha, gari anapewa dereva mwingine. Nyumba yetu yote ilikula kutoka kwenye lile gari, jamani, na mwenye nyumba alikuwa hajui kucheka.

Tukakaa kikao. Unaweza kuona kama ni jambo rahisi, mtu kasema lete taa, peleka taa. Lakini mji wetu ule, neno la mwenye bunduki halikuwa na maana yake. Chai haikuwa chai. Fanta haikuwa fanta. Jandarme akikuuliza watoto hawajambo, ulijua ana watoto na wana njaa. Basi taa ni nini? Mama mdogo alisema taa ni kitu cha kumulika, kwa hiyo anataka kitu kinachong'aa, labda saa. Mama alisema hapana, kaskazini wana mafumbo yao. Baba, ambaye alikuwa akinyoosha waya wa redio, akasema labda anataka taa.

Tulimcheka hadi akatoka nje. "Ndiyo maana huna permi," mama alimfuata na maneno mpaka mlangoni.

Mama alianza na chapati, ndani yake amekunja noti. Jandarme aliikunjua, akaona, akaikunja tena vizuri kama alivyoikuta. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akainama, akamrudishia na kumwambia kwa sauti ya chini: "Mama, mimi siri."

Mama alirudi nyumbani anatembea kama bibi harusi. Tatizo limekwisha, alisema, mtu anakula ila anataka siri, na ana haki, njia panda kila mtu anaona. Kesho yake akampelekea chupa ya bia, yeye ambaye kizibo cha bia hagusi, astaghfirullahi, ameifunga kwenye kanga na kuibeba mgongoni kama mtoto. Safari hii jandarme alikasirika. Alimwambia amekwisha kumwambia siri, yeye ni siri kabisa, hata kidogo ni siri. Mama akatueleza kwa heshima kubwa kwamba tangu azaliwe hajapata kuona mla rushwa mwangalifu namna ile.

Wiki ilikuwa inaisha. Mama akamtoa kuku wake mwenyewe, yule mwekundu anayetaga kuliko wote, akamfunga miguu, akamlaza kwenye kikapu na kumfunika kwa mboga za dodo. Mimi nilikuwa msichana mkubwa tayari, nikaambiwa niende naye tuonekane watu wa sokoni. Tukafika, mama akaweka kikapu miguuni pa jandarme, akawa anatazama mawingu. Hapo hapo ikasimama jipi, na ndani yake mkubwa wake.

Kuku wetu, ambaye njia nzima hakutoa sauti, akaona hapo ndipo pa kuongea.

Mkubwa akateremka, akafunua mboga kwa fimbo yake. Akamuuliza mama, kwa Kiswahili cha kambini, kuku huyu ni wa nani. Mama akaanza kumfunika kuku tena kwa mboga. Jandarme akamgeukia, jasho linamtoka, akamsihi kama mtu anayezama.

"Mama, mwambie. Mimi nirisema siri, au sikusema siri?"

"Ulisema, shefu," mama akajibu. "Tena mara nyingi."

Mkubwa akatikisa kichwa taratibu. Na mimi nikamwona yule kijana anatutazama sote, mmoja mmoja, haelewi kwa nini ukweli wake unamzamisha. Kisha Kiswahili cha redio kikamwisha chote, akapiga kelele kwa lugha ya mama yake: "Sindya! Sindya!"

Sindya. Sili. Haikuwa siri, ilikuwa sili: mimi si mla rushwa. Angesema "mimi hapana kula" kama Kigali nzima tungemwelewa siku ya kwanza, lakini yeye alitaka kutusemea kilicho sanifu, sisi wenye lugha. Kwenye sambusa za mama mdogo mtu alianza kucheka, halafu akaacha. Mimi niliona aibu mpaka kwenye nyayo.

Mama yangu ni mwoga wa serikali, lakini siku ile alisogea mbele. Alisema kuku ni wake, ameleta kwa kichwa chake mwenyewe, kijana hakuomba kitu. "Aliomba taa," alisema. "Taa ya gari. Ni sisi hatukumwamini."

Mkubwa alicheka sana, akapiga paja. Jandarme asiyekula, alisema, huyo bado hajazaliwa. Akaamuru kuku apakiwe kwenye jipi kama ushahidi. Ushahidi ule, wallahi, sidhani kama ulifika jioni.

Jioni ile ile baba akaomba taa kwenye gari bovu la jirani, akaifunga, na alfajiri akapita. Kijana alisimama mbele ya gari, akaziba taa moja kwa kiganja, kisha ya pili, akatoa permi mfukoni mwake. "Sasa taa," alisema. Baba alimwambia asante, na mama, aliyekuwa amekuja naye kwa ajili hiyo tu, alimwomba msamaha. Alijibu hakuna neno, ni urimi wake.

Haikupita muda akahamishwa. Wengine walisema mpakani, wengine walisema gerezani, na sisi hatukumwona tena. Nilihuzunika, na sikujua nimweleze nani.

Aliyemfuata alikuwa mnene, amekulia mpakani na Tanzania, Kiswahili chake hakina doa, kila l mahali pake. Alimsimamisha baba taa zote mbili zikiwaka. Mama akaenda kumuuliza kosa ni nini, na yeye akamjibu kwa upole kabisa, "Mama, mimi nakula."

Mama alirudi nyumbani, akakaa kidogo kwenye kizingiti. "Huyu nimemwelewa mara moja," alisema. Kisha akainuka, akaenda uani kukamata kuku.