Mfereji Utazame Nje

Nilimwahidi Kapteni kwamba ningeandika tena habari za mashine ile ya maji, na kwamba safari hii ningeanza kwa kukiri nilipokosea. Nilitoa ahadi hiyo tukiwa gatini, mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wake uliokomaa kwa kamba. Alinitazama kama mtu anayepima upepo, akasema tu, "Usichelewe." Nilichelewa. Zilipita wiki, kisha miezi, na kila mara nilipata sababu yenye heshima: kulikuwa na mada iliyoonekana kubwa zaidi, kulikuwa na mjadala uliomhusu kila mtu. Ukweli ni kwamba kijana aliyesoma huona aibu kuwaambia wasomaji wake kwamba makala aliyojivunia ilimuumiza mtu. Kisha asubuhi moja, nikiwa kwenye foleni ya maji katika mtaa wa Nyalenda, Kisumu, ninakoishi, mama anayeuza maji kwenye kibanda chetu aliufunga mfereji kabla mtungi wangu haujajaa. Akajifuta mikono kwa leso yake, akasema, "Yule Kapteni wako ameenda." Nikamwuliza ameenda wapi. Aliufungua mfereji tena, maji yakaingia mtungini hadi yakafurika na kumwagika miguuni mwetu, na katika foleni ile yenye ndimi kali hakuna aliyelalamika.

Wanaoifuata safu hii tangu mwanzo wanamfahamu marehemu bila kujua. Alikuwa nahodha wa mashua ya tanga inayokodiwa na wageni kwa safari za siku mbili au tatu, kutoka Kisumu kupitia ghuba hadi visiwani. Mwenye mashua ni mfanyabiashara wa jamii ya Wahindi wa mji huu, ambaye Kijaluo chake ni safi kuliko changu mimi niliyelelewa Sondu, mpakani mwa makabila mawili, ambako lugha huchanganyika tangu utotoni. Nilisafiri na mashua hiyo mara ya kwanza nikiwa nimetoka chuoni karibuni, kichwa kikiwa kimejaa mazingira na wajibu wa kizazi chetu. Niliona chupa za plastiki zikielea katikati ya magugu maji kama mayai ya ndege asiyejulikana. Niliporudi niliandika makala yenye hasira. Nilisema kwamba kila mashua ya kukodi katika ziwa hili inapaswa kuwa na mashine ya kuvuta maji ya ziwa, kuyapitisha katika machujio kwa nguvu ya jua, na kuwapa abiria maji safi ya kunywa, ili chupa zikome. Sikuishia hapo. Niliandika pia kwamba mitungi ishirini ya manjano iliyojaa maji, ambayo nahodha aliipakia kila safari, ilikuwa mzigo wa enzi iliyopita. Nakumbuka nilivyoipenda sentensi hiyo. Niliisoma kwa sauti kabla ya kuipeleka kwa mhariri.

Mwenye mashua aliisoma makala, akaagiza mashine. Siku ilipofungwa nilialikwa kuishuhudia, nami nikajitwika kazi ya kumweleza nahodha faida zake. Nilimwambia kwamba hii ni mashine ya kutengeneza maji. Kapteni alikuwa ameketi juu ya kamba iliyoviringwa, akila muhogo wa kuchemsha. Akaacha kutafuna. "Kutengeneza maji?" akauliza. "Kwani maji imeharibika?" Mafundi wakacheka, mwenye mashua akacheka, nami nikacheka kwa adabu, nikaanza kufafanua kwamba kutengeneza hapa maana yake si kukarabati kitu kilichovunjika, bali ni kuzalisha. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa subira ya mtu anayemngoja mtoto amalize kufunga kamba ya kiatu. Kisha akasema, "Hapana, nimeelewa. Iliharibika, sasa inatengenezwa. Mimi nauliza tu, nani aliharibu?" Tangu siku hiyo hakuniita tena kwa jina langu. Aliniita Fundi. Kila aliponipigia simu alianza hivi: "Fundi, maji yako inakusalimia." Mimi niliyechukua shahada nikiandika juu ya maji sikuwahi kuliona lile ambalo yeye aliliona ndani ya neno moja la kila siku.

Nililoshindwa kuliona zaidi lilikuwa ile mitungi. Kapteni alikuwa na mazoea ya kupakia maji mengi kuliko abiria walivyoweza kuyamaliza, na kila aliyemuuliza alijibiwa kwamba ziwa halina urafiki. Mwenye mashua alidhani ni woga wa uzee. Mimi nilidhani ni ukaidi wa mtu asiyependa hesabu. Kumbe alikuwa amepiga hesabu yake kwa makini. Siku ya pili ya kila safari mashua ilitia nanga katika ufuo wa kisiwa alikozaliwa, kwa kisingizio cha kuwapumzisha wageni, na mitungi iliyobaki aliishusha mwenyewe, mmoja mmoja, hadi kwa dada yake mkubwa. Dada huyo ni mjane anayeishi peke yake kwenye mteremko wa mawe juu ya ufuo. Pale hakuna bomba wala kisima, na wasio na mabati ya kukinga maji ya mvua huteka ziwani, palepale wanapofua na kuogeshea ng'ombe. Dada mtu alikuwa akigawa mitungi hiyo kwa majirani wenye watoto wadogo, kisha akawapikia wageni uji, wakaunywa wakiwa wameketi juu ya mawe bila kujua kwamba ulipikwa kwa maji waliyokuja nayo wenyewe. Mimi pia niliunywa. Katika makala yangu niliuita ukarimu wa watu wa ziwa.

Mashine ilipokuja, mitungi ilishushwa. Mashua ikawa nyepesi, ikaenda mbio, na kwa kuwa hapakuwa tena na sababu ya kusimama ufuoni, wageni wakaanza kupelekwa kwenye mwamba mzuri usiokaliwa na mtu, wanakopiga picha za ndege. Kapteni alijaribu njia yake. Safari moja aliiongoza mashua hadi kisiwani kwao, akaufungua mfereji wa mashine, akaanza kujaza mitungi ya dada yake. Kujaza mtungi mmoja kulichukua muda wa kunywa chai vikombe viwili. Wageni wakachoka kungoja, betri zikashuka, na jioni taa za mashua zikafifia. Malalamiko yakamfikia mwenye mashua, naye akakataza jambo hilo lisirudiwe. Simlaumu. Machujio yanachakaa, na mashine ilinunuliwa kwa ajili ya abiria. Kila alichosema kilikuwa cha haki, na hilo ndilo lililomnyima Kapteni hata nafasi ya kukasirika.

Ndipo aliponiita gatini. Alionekana amepungua, koti lake la mpira likimning'inia. Alinieleza habari ya dada yake kwa mara ya kwanza, bila kunilaumu, na hilo lilikuwa gumu kulipokea kuliko matusi. Aliniambia kwamba dada yake sasa anateka ziwani kama zamani, na miguu yake haimfikishi tena palipo na maji yasiyotibuliwa. Aliniambia pia jambo ambalo nalikumbuka kila ninaposikia tanga likipigwa na upepo. "Siku hizi nasafiri na watu," alisema, "lakini sifiki kwa watu." Nikamuuliza anataka niandike nini. Nilitarajia aseme niandike kwamba mashine iondolewe. Alitikisa kichwa. Alisema maji ya mashine ni matamu, na yeye mwenyewe tumbo lake limetulia tangu aanze kuyanywa. "Mashine ikae, nyathina," akasema, akiniita mwanawe kwa Kijaluo, akiwa amelisahau jina la Fundi. "Ila huo mfereji inatazama ndani peke yake. Andika itazame na nje."

Nimelitafakari ombi hilo kuliko somo lolote nililowahi kufundishwa. Mashine za namna hii zilibuniwa kwa ajili ya bahari. Huko mashua hukaa juu ya maji yasiyonyweka, na kazi ya mashine ni kuondoa chumvi ambayo hakuna binadamu aliyeitia. Ziwa letu ni la maji baridi. Kapteni aliniambia kwamba baba yake alikuwa akichota kikombe katikati ya ghuba na kunywa bila kufikiri, na yeye mwenyewe aliendelea kufanya hivyo mbele ya wageni waliofumba macho kwa hofu. Kinachoondolewa na mashine hapa ni chetu: maji machafu ya mji, mbolea ya mashamba, na udongo unaoporomoka na mito kila mvua inaponyesha, ukiwemo ule wa mto wa kwetu Sondu. Kwa hiyo, nikiulizwa leo kama mashua za kukodi ziwe na mashine hizi, bado nitasema ndiyo. Mgeni asiugue, na chupa zisielee. Lakini tukiridhika na hapo, tutakuwa tumewapa dawa wapita njia na kuwaacha wenye nyumba na ugonjwa. Mbaya zaidi, tutakuwa tumewaondolea wanaosafiri sababu ya kuulizana nani aliyaharibu maji, kwa kuwa kikombe chao ni safi. Mtungi ni mzito, tena una uchafu wake, lakini ulilazimisha mashua ifike mahali penye watu. Nilipouita mzigo wa enzi iliyopita, sikujiuliza ulikuwa ukipelekwa kwa nani.

Alifariki peke yake katika chumba cha kupanga karibu na ufuo wa Kisumu, na jirani ndiye aliyegundua kwamba mlango haukufunguliwa kwa siku nzima. Mwenye mashua alikataa marehemu asafirishwe kwa chombo kingine. Tulimpeleka nyumbani kwa mashua yake mwenyewe, jeneza likiwa limefungwa kwa kamba zilizoikomaza mikono yake, na nahodha wa kuazima kwenye usukani. Nilikaa nyuma. Hakuna aliyeniita Fundi, na sikujua kwamba mtu anaweza kulikosa jina la utani kama anavyomkosa aliyempa. Tulipofika ufuoni, wanawake wa matanga walikuwa wamesimama ndani ya maji hadi magotini wakijaza ndoo za kupikia, na karibu nao ng'ombe walikuwa wakinywa. Mwenye mashua aliwatazama. Kisha akavua viatu, akarudi mashuani, akachomoa mpira wa kuoshea sitaha, akauunganisha na mfereji wa mashine na kuuvuta hadi mchangani. Wakaja na ndoo, wakaja na mitungi. Mashine ilinguruma tangu tulipofika hadi tulipomzika, betri zikaisha, na hakuna aliyelalamika juu ya taa. Siku hiyo mfereji ulitazama nje, na aliyeliomba jambo hilo alikuwa amelala jenezani, sauti yake haisikiki tena.

Baada ya mazishi dada yake aliniita. Alikuwa ameketi mlangoni kwake, mtungi mmoja uliojaa ukiwa kati ya miguu yake, mkono juu ya kifuniko. Aliniuliza kama ni mimi yule wa mashine. Nikasema, "Ni mimi, Mama." Nilisubiri aniambie lolote ninalostahili. Alinikaribisha kunywa, akanimiminia kikombe, nikanywa nikiwa nimesimama. "Hiyo maji ni tamu kweli," akasema. Kisha akatazama chini ufuoni, ambako mwenye mashua alikuwa akiukunja mpira taratibu kama mtu anayekunja shuka ya marehemu. "Na kesho inarudi?" Kikombe kilikuwa kingali mkononi mwangu. Nilitazama kando. Kisha nikamrudishia kikombe, nikateremka ufuoni. Tulirudi Kisumu mashua ikiwa nyepesi mno, na kila mtu akitazama upande wake wa ziwa.

Nimetimiza ahadi, tena nimechelewa, na aliyeingoja hataisoma. Nimezungumza na mwenye mashua. Amekubali mitungi ya Kapteni irudi mashuani, ikiwa mitupu, na kwamba itajazwa ufuoni kwa mfereji wa mashine iwapo abiria wataridhia kungoja. Neno hilo, iwapo, linatuhusu sisi. Kwa hiyo nakuomba, msomaji: siku utakapokodi mashua yenye mashine ya maji katika ziwa hili, kabla tanga halijapandishwa, muulize nahodha ana mitungi mitupu mingapi. Akisema hana, nenda kachukue wako. Na mtakapotia nanga mahali penye watu, kaa, ungoje ujae.