Siku Niliyomsimamisha Mzee Nassor

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, kiangazi kimekolea, na majani ya uwanja wetu kule nje ya Fukayosi yamechomwa mpaka ardhi imekuwa nyeusi. Wewe keshokutwa unaanza kwenda huko kujifunza ndege zisizo na injini, na mama yako ameniambia mimi shangazi yako kwamba unaulizia miwani ya jua kuliko unavyoulizia kazi. Basi kaa nikusimulie, miwani itakungoja.

Pale klabuni hakuna bwana wala mtwana. Winchi iliyo mwisho wa uwanja inaivuta ndege kwa waya mrefu, ndege inapanda kama tiara, kisha rubani anauachia waya na kutafuta hewa ya joto ya kumpandisha zaidi, kule anakoona mwewe wakizunguka. Ikishatua, wote mnaisukuma kuirudisha, daktari na mkulima. Na lipo sharti moja tangu enzi zetu: mtu yeyote akiona kasoro akasema "Simama", kila kitu kinasimama. Maswali baadaye. Sisi tuliolelewa na "asiyesikia la mkuu huvunjika guu" lilitushangaza, maana pale mkuu naye alitakiwa asikie la mtoto.

Mkuu wetu alikuwa Mzee Nassor, mwenye duka la vitambaa Bagamoyo mjini, aliyetufundisha sote kuruka. Ukimpa shikamoo, haachi kukuuliza habari za wazazi wako. Mwaka ule macho yalikuwa yamemgomea, daktari amekataa kumwongezea kibali cha urubani, na siku ile ndiyo ilikuwa yake ya mwisho kuruka peke yake. Kutwa nzima aliwapisha wanafunzi. "Mimi nitamalizia," alisema. Alipoingia kwenye ndege jua limeshainama, na mimi ndiye niliyeshika ncha ya bawa lisiguse chini.

Waya ukaanza kukaza. Nikatupa jicho mkiani, nikaona kitu cheusi. Mkiani pale hufungwa gurudumu dogo la kusukumia, na likisahaulika ndege inapaa mkia ukiwa mzito, rubani anaweza asirudi hai. Nilikumbuka kuwa nimelitoa kwa mikono yangu. Au nilidhani tu nimelitoa? Nilijua siku ile ina maana gani kwake, mwanangu, na bado nikapiga kelele: "Simama!"

Winchi ikazimwa ghafla, waya ukalegea ukajisokota. Tukaenda kutazama. Lilikuwa bonge la majani yaliyoungua, basi. Kuutatua ule waya kulichukua muda, na kabla hatujamaliza upepo wa bahari ukaingia, ukageuka kabisa. Upepo ukigeuka, winchi na ndege lazima vihamishiwe upande wa pili, na jua halikutungoja. Mzee Nassor hakuruka.

Nililia mbele za watu, sikuona haya. Kijana mwenzetu Frenki akacheka, akasema nimemnyima mzee safari kwa bonge la majivu.

Mzee akanijia taratibu. "Uliona nini, binti yangu?"

"Nilidhani ni gurudumu, mzee. Nisamehe."

"Ukidhani tena, sema tena." Kisha akamgeukia Frenki, wala hakupandisha sauti. "Leo amesimamisha bure. Ukimcheka, siku ya gurudumu lenyewe atanyamaza, na huenda siku hiyo aliye ndani ni wewe."

Jumamosi iliyofuata alifika mapema kuliko sote, akaomba kazi ya kushika bawa, akaifanya miaka. Hakupata kuruka peke yake tena, na hata siku moja hakunikumbusha. Nimewajua wakubwa wengi, wenye vyeo na wenye mali, lakini kama yule sijamwona.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Jicho lako likikushtua, sema, hata kama aliye mbele yako ni mkubwa. Tahadhari kabla ya hatari, na aibu ya kukosea ni ya jioni moja tu. Na siku wewe ndiye mkubwa, mtoto wa juzi akikusimamisha bure katika jambo unalolipenda kuliko yote, shuka umshukuru. Hilo ndilo gumu, mimi mwenyewe bado najifunza.

Nenda salama. Mungu akupe macho ya kuona na kinywa cha kusema, na akikujalia ukubwa, akupe na moyo wa kusimama unapoambiwa.